Upande wa Pili wa Kaseti

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zetu, na baada ya salamu, pole na kazi. Sisi hatujambo, kwa neema ya Mungu tu wala si kwa ujanja wetu. Shemeji yako yuko njiani na lori lake wiki ya pili sasa. Mimi nimezama kwenye mashati ya sare za shule, yote hayana vifungo. Shangazi ameolewa tena. Ndiyo, Shangazi huyuhuyu, na miaka yake sitini na tatu. Bwana harusi amempita mwaka mmoja na kapungukiwa meno mawili.

Sasa Baba. Tumemhamishia chumba cha mbele kwa sababu ngazi zimemshinda. Daktari anasema moyo umechoka, kisha anakunja karatasi zake. Baba mwenyewe hana habari na moyo. Ametaka mashine yake ya sinema, ile ya ukumbini, iteremshwe kutoka darini. Tumeishusha watu watatu, mimi nikiwa mmoja wao na mgongo wangu huu, tukaiweka mezani mbele ya kitanda chake. Kila asubuhi anataka iwashwe, hata bila filamu, aisikilize tu. Na ndugu yangu, ina kelele! Inagonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Baba anakunja uso. Anasema hawezi kufa akaiacha katika hali hiyo. Nikamwambia basi tusiitengeneze, tukae nawe. Akacheka mpaka akakohoa.

Sitaki kufukua ya zamani, ila lazima niyaguse. Siku ile kwenye ukumbi wa kiwanda, picha ilipokatika mbele ya watu, wewe ulisema ni gia, yeye akasema ni mkanda, akakwambia mbele ya umati kwamba masikio yako ni ya kubebea kofia. Watu walicheka. Wewe, ambaye mtaa mzima ulikuita Antena! Mwezi uleule ukaondoka. Leo miaka kumi na moja. Baba hajawahi kulitaja, lakini sasa kila siku ananiuliza kwa nini hupigi simu. Namba ya duka la jirani unayo. Barua zako namsomea, anasema karatasi haina sauti.

Kwa hiyo nimekuwekea kaseti. Upande wa kwanza ni kelele ya mashine, uisikilize utuambie inaumwa nini. Upande wa pili ni Baba mwenyewe. Alinitoa chumbani, akaniambia nifunge mlango, kwa hiyo alichosema sikijui. Aliponiita macho yake yalikuwa mekundu. Msikilize, umjibu. Nakuomba.

Dada yako,
Sindano


2 Aprili

Dada Sindano, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima. Mpe Shangazi pongezi, mwambie aniachie mchumba mmoja kwenye foleni yake. Mimi bado niko kiwandani huku ugenini, mashine arobaini chini ya bati moja zikigonga vifuniko vya masufuria. Chumbani nakaa na mpishi wa kantini, mtu wa hukuhuku, mwema sana, ila katika lugha yetu anajua neno moja tu, "chai", na hata hilo analisema kwa mashaka.

Pale pa moyo wa Baba nimepasoma mara tatu.

Mashine tuiendee taratibu. Usitie filamu, itaitafuna. Usitie mafuta pia. Najua una kile kichupa cha cherehani na mkono unakuwasha. Fungua kifuniko cha ubavuni, kina skrubu nne. Utaona mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota. Uvue, uwashe mota peke yake. Kisha zima kabisa, zungusha kwa mkono polepole huku umeweka ukucha juu ya gia, moja baada ya nyingine. Usiniandikie inaliaje, mlio kwenye karatasi haunisaidii. Niandikie inatetemeka wapi, na kidole chako kinaruka mara ngapi kwa mzunguko mmoja.

Kaseti imefika. Simu za huku ni matatizo, foleni ndefu na laini mbovu. Usikae dukani kunisubiri.

Mpe Baba mkono wangu.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Amani ya Mungu iwe nawe. Nyumbani wote wazima, isipokuwa shemeji yako, aliyerudi na lori zima na jino bovu. Dereva wa tani kumi analia akiona koleo la daktari! Nimemshika mkono mimi.

Nimefanya ulivyoagiza. Mota peke yake inanguruma kama paka aliyeshiba, haina neno. Gia ya kwanza laini, ya pili laini. Ya tatu, ile kubwa ya rangi ya kahawia inayoendesha kucha ya kuvuta filamu, hapo kidole kinaruka. Mara moja kila mzunguko, palepale. Na hiyo kucha yenyewe, jamani, si ndiyo meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa! Inashika, inavuta, inaachia. Miaka yote nilidhani Baba anafanya miujiza mle ndani, kumbe anashona.

Sasa nikuulize, na usikasirike. Nimeshika redio karibu na mashine dakika kumi mpaka mkono ukafa ganzi, nawe unaniambia mlio haukusaidii? Wewe uliyekuwa ukisikia baiskeli ya Baba ikiwa bado kona ya mwisho, tukaficha karata? Umeisikiliza kweli hiyo kaseti? Na upande wa pili je? Barua nzima hukuutaja.

Nilipokuwa namsomea, Baba alikuwa anangoja. Nikafika mwisho, "mdogo wako". Akasema, "Geuza karatasi, labda ameandika nyuma."

Nikageuza. Hapakuwa na kitu. Nikajifanya nimesahau miwani jikoni.

Kama moyo wako bado mgumu, niambie mimi nilibebe. Usimwache mzee anageuza karatasi.

Dada yako


27 Mei

Dada, shikamoo, na pole kwa jino la shemeji.

Umenipiga panapouma, na sikukatalii. Mwambie Baba maneno yake yamenifikia na nimeyaweka karibu nami.

Hiyo gia ya kahawia ndiyo mgonjwa wetu. Gia za namna hiyo si chuma. Zikizeeka hukauka, husinyaa, zikapasuka kuanzia tundu la katikati. Grisi ya zamani utaikuta imekuwa kama sabuni kavu, iondoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha macho uyaache, hayataona. Pitisha ukucha kati ya jino na jino. Utakapokwama, pana ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo ukipita kwenye gia ya pili ndipo panapogonga.

Usiigundishe. Ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma akuchongee nyingine ya shaba. Meno myahesabu nyote wawili, kila mtu peke yake, kabla hajawasha mashine yake. Jino moja likizidi au likipungua, picha itacheza kama mlevi.

Mdogo wako


21 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wingi. Shangazi na bwana wake walikuja Jumapili wakiwa wameshikana mikono, mimi nikaona haya kwa niaba yao. Sisi tu wazima.

Ufa nimeupata. Nilipitisha ukucha mara mbili bila kitu, mara ya tatu ukakwama. Nilipiga kelele mpaka Baba akadhani nimepigwa na umeme. Nikamwekea gia kiganjani. Akaishika kama mtu anayeshika kifaranga, akaigeuza, akaigeuza. "Miaka kumi na moja," akasema. Basi. 

Fundi wa kukereza anajiita Profesa wa Chuma. Mimi nilihesabu meno thelathini na manne, yeye thelathini na matano, akanitazama kwa huruma. Nikafunga uzi mwekundu kwenye jino la kwanza, kama ninavyofanya kwenye marinda, tukahesabu upya. Thelathini na matano. Profesa hajanyamaza mpaka leo.

Baba miguu imevimba. Anakula vijiko viwili na kunisifu kwa kumi. Nilimwambia umeandika kwamba maneno yake yamekufikia. Akasema, "Hayo nimesikia. Lakini mimi nilimwuliza swali."

"Swali gani, Baba?"

"La kwetu wawili. Jibu lake ni neno moja, ndiyo au hapana. Mwambie asiogope. Aandike lile la kweli."

Nimembembeleza aniambie, amekataa, na unamjua akikataa. Ndugu yangu, sijui siku zake zimebaki ngapi, anayejua ni Mungu peke yake. Neno moja tu. Kwa jina la marehemu mama yetu, andika neno moja, na ulitume upesi.

Dada yako


15 Julai

Dada yangu, shikamoo.

Naandika nimesimama, posta wanafunga.

Mwambie Baba jibu ni ndiyo. Ndiyo, kwa moyo wangu wote, na wala sikuhitaji kufikiri.

Gia mpya ukiifunga, usiibananishe na mwenzake. Acha nafasi ya unene wa karatasi moja. Tumia karatasi hii.

Mdogo wako


12 Agosti

Mdogo wangu,

Telegramu najua ilikufikia, posta walinithibitishia. Baba alitutoka tarehe 4, saa nne asubuhi, chai yake ikiwa bado ina moto. Tumemzika karibu na Mama. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine wazee walioingia ukumbini wakiwa wachumba. Shemeji yako alilisimamisha lori katikati ya safari akarudi. Shangazi ndiye aliyemwosha uso.

Nilikaa dukani kwa jirani siku tatu nikiitazama simu. Haikulia. Siku ya nne nikarudi nyumbani.

Nitakueleza mambo kwa mpangilio. Gia mpya niliifunga tarehe 23 Julai. Baba alisema niache nafasi ya unene wa karatasi, nikapima kwa pembe ya barua yako ya Mei, maana ya Julai ilikuwa bado njiani. Nikawasha. Kugonga kumekwisha! Ikabaki ile sauti yake ya zamani, kama cherehani nzuri juu ya kitambaa chepesi. Baba aliita majirani waje wasikie. Akawaambia, mimi nimesimama hapo hapo, "Mwanangu ana sikio. Yuko mbali huko, na amesikia mpaka hapa." Alirudia kwa kila aliyeingia. Muuza maziwa aliambiwa mara mbili.

Siku mbili baadaye ikaja barua yako. Nikamsomea. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akafumba macho, akasema ahsante. Kesho yake akasema mashine ifunikwe, na hakuiomba tena.

Alikuuliza nini? Sikulaumu, maana sijui nikulaumu kwa lipi. Ila nina jambo kifuani na sina pa kulitua. Nasali, maneno yanaisha, nakaa tu.

Dada yako


10 Septemba

Dada yangu, shikamoo.

Ile simu ingelia kwako, Dada. Kwangu isingesema kitu. Mimi sisikii.

Huu ni mwaka wa nne. Lilianza la kushoto, mwaka uliofuata likafuata la kulia. Mashine arobaini chini ya bati moja, nasi tulikuwa tukiziba masikio kwa pamba. Daktari wa kiwanda aliniandikia kwenye karatasi. Mpishi akaniletea daftari la kuongelea, na sasa tuna madaftari kumi na moja, mengi yamejaa maneno ya chakula.

Wewe ungeniuliza kwa nini sikusema. Ningemwambiaje Baba? Alisema masikio yangu ni ya kubebea kofia, na sasa kweli hayabebi kingine. Angedhani ni neno lake limenishika. Angekufa akiamini amemlaani mwanawe. Mimi sijawahi kuamini hivyo hata siku moja, ni kiwanda tu, lakini yeye angeamini. Nikaona heri anidhanie nina kiburi.

Kaseti nilikaa nayo. Niliweka redio mapajani na kiganja kwenye spika. Upande wa kwanza niliijua mashine. Mtikiso mmoja kila mzunguko, nikajua ni gia hata kabla hujafungua skrubu. Upande wa pili nikamshika Baba. Sauti yake ni nzito, Dada, inakuja kwa mafungu. Anasema, anatulia. Anasema kidogo, anatulia sana. Kisha kuna kitu kifupi mwishoni, halafu hakuna tena. Nilimpa mpishi asikilize. Aliandika kwenye daftari: "Mzee analia." Zaidi ya hapo hakuelewa.

Ningeweza kudanganya kwamba kaseti imekatika njiani. Lakini lile alilolisema lilikuwa limemtoa machozi, na sikutaka alirudie mara ya pili kwa ajili yangu. Nikajiambia, mzazi mgonjwa anamwuliza nini mtoto aliye mbali? Anamwuliza, utarudi? Nikasema ndiyo. Na sikusema uongo. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya mwezi wa tisa. Nilitaka nije nisimame mbele yake, anione, nimweleze kwa mdomo wangu taratibu.

Ruhusa imetoka wiki iliyopita.

Nakurudishia kaseti. Isikilize, uniandikie yote neno kwa neno. Usinionee huruma. Nataka kujua nilisema ndiyo kwa jambo gani.

Mdogo wako


6 Oktoba
(Barua hii haikutumwa. Ilibaki kwenye droo ya cherehani.)

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza. Nilifunga mlango kama yeye. Umesema neno kwa neno, basi pokea:

"Mwanangu. Hii redio sijui nizungumzie upande gani. Siku ile ukumbini nilijua ni gia. Nilikuwa naisikia wiki nzima. Niliogopa wakubwa wakijua mashine imekufa watafunga ukumbi, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Ukaja ukalisema mbele ya watu, nikakuaibisha wewe ili nisiaibike mimi. Ukumbi waliufunga hata hivyo. Sikuombi urudi, una maisha yako. Nataka nijue kitu kimoja nikiwa hai, hata kama kinauma. Bado una kinyongo nami?"

Ndilo swali. Nawe ukaandika ndiyo.

Na aliyelisoma ni mimi, ndugu yangu. Nilikuja nakimbia na bahasha mkononi, nimefurahi, nikidhani ndiyo ni habari njema siku zote. Nikalisoma kwa sauti ya juu kama tangazo la harusi. Kwa moyo wangu wote, na wala sikuhitaji kufikiri. Akasema soma tena, nikalisoma tena, na mara ya pili nilitabasamu. Sikukuandikia alichosema baada ya ahsante. Alisema, "Ana haki." Kisha akageukia ukutani. Siku kumi hakutaka pazia lifunguliwe. Nikimletea uji ananiambia nimpe muuza maziwa.

Mungu wangu, mbona hukuniziba mdomo siku ile? Ndugu yangu, wewe ulinyamaza ili asijilaani, yeye akafa akijua hukumsamehe, na katikati yenu nilikuwa mimi na miwani yangu. Nitakutumiaje haya? Utayasoma peke yako na mpishi anayejua neno moja


9 Oktoba

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Shemeji yako meno yametulia. Nimewaambia habari ya masikio yako, nisamehe, sikuweza kuwa nayo peke yangu. Shangazi alilia, kisha akaenda kununua daftari. Anasema ukija ataongea nawe kwa maandishi, na mumewe anasema hapo ndipo tutajua kama Shangazi amewahi kujua kuandika. Njoo na hiyo ruhusa yako. Chumba cha mbele kiko tayari, pazia nimefua.

Kaseti nimeisikiliza. Baba anasema siku ile ukumbini alijua ni gia, alijua kabla yako. Alikuaibisha kwa hofu ya kufungiwa ukumbi, si kwa sababu ulikosea. Hayo ameyasema kwa kinywa chake.

Mwishoni akakuuliza swali. Aliuliza, "Mwanangu, umenisamehe?"

Nami nilimsomea jibu lako mara mbili, lote, kama ulivyoliandika. Akafumba macho akasema ahsante. Mashine ilifunikwa kwa sababu haikuwa na kazi tena, alikwishasikia alichotaka. Usijitese kwamba ulijibu bila kusikia. Ulijibu sawasawa.

Kaseti usiniulizie. Redio ya shemeji yako imeitafuna nilipotaka kuirudia, utepe wote ukatoka kama utumbo. Nimeutupa.

Usiache kuniombea. Jumapili iliyopita wenzangu walipokwenda kupiga magoti mezani pa Bwana, mimi nilibaki kwenye benchi. Mchungaji alinifuata mlangoni kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni magoti tu. Basi uyaombee hayo magoti.

Dada yako